Flaiwili ya alumini au ya chuma kwa Impreza ya turbo inayopanda milima?

Swali: Shikamoo, mhandisi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, yenye turbo na gia tano za mkono, ambayo naitumia kila siku hapa Arusha. Karibu kila mwisho wa mwezi naenda nayo Karatu na familia, na mara mbili au tatu kwa mwaka nashiriki mashindano ya kupimwa muda kwenye uwanja wa vumbi. Klachi imeanza kuteleza, na kwa kuwa giaboksi lazima ishushwe, fundi wangu anashauri tubadilishe na flaiwili, lile gurudumu zito lililoko kati ya injini na klachi. Amenipa njia tatu: ya alumini yenye kilo 4.5, ya chuma cha kromoli (chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni) yenye kilo 6.5, au kuipeleka hii ya kiwandani karakana ikachongwe ili iwe nyepesi. Ana nyingine kama yangu gereji, tumeipima ikawa kilo 9. Yeye anaipenda ya alumini kwa sababu anasema gari litapata nguvu zaidi. Nichague ipi?

Jibu: Marahaba, na asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Chagua ya kromoli yenye kilo 6.5, na kwa hali yoyote ile usikubali flaiwili ya kiwandani ikachongwe. Ya alumini si mbovu, na yapo magari ambayo ningeifunga bila kusita, ila gari lako, kwa namna unavyolitumia na mahali unapoishi, si mojawapo. Naomba nikueleze sababu kwa urefu, kwa kuwa giaboksi ikisharudishwa juu hutapenda kuishusha tena kwa ajili ya majuto.

Flaiwili ni akiba ya mwendo. Injini yako yenye silinda nne hupata mlipuko mmoja kila nusu mzunguko wa kranki, ile shafti kuu ya injini, kwa hiyo gari likiwa limesimama na injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kuna milipuko kama 27 kwa sekunde, na katikati ya mlipuko na mlipuko kranki hubebwa na kasi iliyokwisha kuwekwa kwenye uzito unaozunguka. Unapoachia klachi ili gari liondoke, gari zima linaiomba injini kazi kwa ghafla, na sehemu ya kazi hiyo hulipwa kutoka kwenye akiba hiyohiyo. Ukiipunguza akiba, injini inapanda haraka unapokanyaga mafuta na inashuka haraka unapoyaachia, jambo ambalo dereva hulipenda tangu mita mia ya kwanza. Lakini akiba ikiwa ndogo, siku utakapoihitaji hutaikuta.

Jambo la kwanza ambalo fundi wako amelipita haraka ni kwamba kilo peke yake hazitoshi kuamua. Kinachoamua ni ukaidi wa flaiwili dhidi ya kubadilishiwa kasi, ambao wanafizikia huuita inesha ya mzunguko, na inesha hiyo hutegemea uzito ukizidishwa na mraba wa umbali wake kutoka katikati. Kilo moja iliyoko ukingoni ina uzito sawa, kwa maana ya mzunguko, na kilo nne zilizoko nusu ya umbali huo. Alumini ina gramu 2.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo na chuma kina 7.85, ndiyo maana alumini inashinda kwenye mizani. Lakini ringi ya meno ya stata iliyoko ukingoni kabisa mwa flaiwili ya alumini ni ya chuma, na bamba ambalo klachi hulisugua nalo ni la chuma. Kinyume chake, mtengenezaji mzuri wa flaiwili ya kromoli huondoa chuma ukingoni na kukiacha karibu na bolti za kranki. Matokeo yake ni kwamba flaiwili mbili zinazotofautiana kilo 2 mezani zinaweza kukaribiana kuliko unavyodhani zikishaanza kuzunguka. Muuzaji akiwa na takwimu ya inesha, iombe, kwa sababu itakueleza mengi kuliko mizani.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo maneno ya gereji yanapotengana na ukweli. Nimechukulia kila flaiwili kuwa kama sahani yenye nusu kipenyo cha milimita 145 na uzito uliosambaa sawasawa, makadirio ambayo yanaipendelea kidogo ya alumini. Uwiano wa gia ukizidishwa na wa difu nimeuweka 13.5 kwa gia ya kwanza, 7.6 kwa ya pili, 5.3 kwa ya tatu na 2.9 kwa ya tano, na tairi nimelipa nusu kipenyo cha sentimita 31. Ukitoka kilo 9 hadi kilo 4.5, gari katika gia ya kwanza litaongeza kasi kana kwamba limepunguzwa kilo 90 hivi. Katika gia ya pili faida inashuka hadi kilo 28, katika ya tatu kilo 14, na katika ya tano ni kilo 4, yaani chini ya dumu la lita tano la maji. Ukichagua ya kromoli, gia ya kwanza inakupa kama kilo 50, ya pili 16, ya tatu 8. Kwa gari la kilo 1,400, unaona mwenyewe kwamba faida yote iko kwenye gia mbili za mwanzo, na kwamba kuanzia ya tatu tofauti kati ya alumini na kromoli ni kilo 6, ambazo ungeweza kuzipata kwa kuacha nyumbani boksi la spana.

Kuhusu nguvu, flaiwili haizalishi wala haipotezi hata nguvu ya farasi mmoja injini ikiwa inazunguka kwa kasi isiyobadilika. Injini inapopandisha kasi, sehemu ya kazi yake hutumika kuizungusha flaiwili yenyewe, na flaiwili nyepesi inadai kidogo. Ndiyo maana gari likipimwa kwenye mashine ya magurudumu ya kuharakishwa, karatasi hutoka na farasi wachache zaidi, na mteja hurudi nyumbani akiamini injini imeongezewa kitu. Katika gia ya tatu, ikiwa injini inatoka mizunguko 3,000 hadi 7,000 kwa sekunde 6, tofauti kati ya kilo 9 na kilo 4.5 ni kama farasi 3 mwishoni mwa safari hiyo. Mwambie fundi wako, kwa heshima zote, kwamba anachokiona ni nguvu ileile ikidaiwa kidogo zaidi.

Twende sasa kwenye upande ambao wewe, mkazi wa Arusha, unapaswa kuuangalia kuliko mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Mji wako uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani. Turbo ikishaanza kusukuma, sehemu kubwa ya upungufu huo hufidiwa. Lakini turbo haisukumi kitu cha maana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,200 au 1,500, na injini za turbo za kizazi hicho zilitengenezwa na ukandamizaji mdogo ili zisipige kelele za mlipuko wa mapema zinapobanwa. Kwa hiyo katika sekunde ile ya kuachia klachi una injini ya lita mbili iliyo dhaifu kuliko injini ya kawaida ya lita mbili, ikivuta hewa pungufu, na kinachoisaidia isizimike ni akiba iliyoko kwenye flaiwili. Ongeza kwamba Karatu hufiki bila kupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu, mahali ambapo lori moja likipata shida kwenye kona wote mliopo nyuma mnasimama kwenye mwinuko, mnasogea mita tano, na kusimama tena.

Tuchukulie gari lina watu wanne na mizigo, jumla kilo 1,700, na injini iko kwenye mizunguko 1,500 unapoanza kuachia klachi. Akiba iliyoko kwenye flaiwili ya kilo 9 ingetosha, kama yote ingetumika bila kupotea, kuliinua gari hilo sentimita 7 juu. Ya kromoli ingeliinua sentimita 5, na ya alumini sentimita 3.5. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, hizo ni sentimita 70 za barabara, 50, na 35. Kranki na presha pleti, ile sahani inayoibana klachi, nazo zina akiba yao, ambayo haibadiliki, na sehemu nzuri ya akiba yote hugeuka joto kwenye klachi. Kwa hiyo tofauti ya jumla ni ndogo kuliko hii, lakini ipo. Kwa ya alumini, mguu wako una nafasi ndogo ya kukosea kuliko uliyoizoea. Utalifidia hilo kwa kukanyaga mafuta zaidi, kwa sababu akiba hukua kwa mraba wa kasi: ukihesabu flaiwili peke yake, ukiwa na ya alumini unahitaji mizunguko kama 2,100 ili upate kile ambacho ya kiwandani inakupa kwenye 1,500. Utajifunza, kila dereva hujifunza, lakini kila utakapoondoka utakuwa unaisugua klachi kwa kasi kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo linapoingia suala la joto, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Alumini haiwezi kusuguliwa na klachi moja kwa moja, ni laini mno. Kwa hiyo flaiwili ya alumini hufungiwa usoni bamba la chuma, jembamba, kwa bolti ndogo au ribiti. Nimeshika mengi ya mabamba hayo mkononi. Likiwa na unene wa milimita 4 na likitosha klachi ya milimita 230 kama yako, uzito wake ni gramu 800 na kidogo. Joto lote la msuguano linaanza kuingia kwenye gramu hizo 800. Kuondoka mara moja hadi kilomita 15 kwa saa, gari likiwa limejaa, kunazalisha kwenye klachi joto la kilojuli 15 hivi hata barabara ikiwa tambarare, na karibu nusu yake huenda upande wa flaiwili. Kama bamba lingelibeba peke yake, lingepanda nyuzi 19 za Selsiasi kwa kila kuondoka; flaiwili ya kromoli ya kipande kimoja, yenye kilo 6.5 zote zikishiriki, ingepanda nyuzi 2 na kitu. Ni kweli kwamba alumini iliyoko nyuma ya bamba hunyonya joto upesi, kwani hupitisha joto takriban mara nne ya chuma cha kromoli, na kwa jumla kilo 4.5 za alumini hubeba joto jingi kuliko kilo 6.5 za chuma. Mtu anayekuuzia atakuambia hayo, na hatakuwa anadanganya. Tatizo liko kwenye mpaka wa vitu viwili: joto lazima livuke kutoka kwenye bamba kwenda kwenye alumini, na linavuka vizuri pale tu zinapogusana barabara. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Bamba likipata moto wa kurudiarudia hujipinda, likijipinda linaacha kugusa sehemu fulani, na sehemu isiyogusa ndiyo inayozidi kuungua.

Dalili zake utazijua ukiwahi kuziona. Ukishusha giaboksi na kufungua presha pleti, bamba linakuwa na madoa ya buluu na zambarau, si duara kamili bali vipande vinne au sita vyenye nafasi kati yake, na kila doa liko katikati ya bolti mbili, pale ambapo bamba limeinuka. Ukiweka rula ya chuma juu yake na kumulika tochi kwa nyuma, mwanga unapita. Dereva huwa amekwisha kulalamika wiki nyingi kabla kwamba gari linatetemeka linapoondoka, na mara nyingi fundi huwa amekwisha kubadilisha mounting za injini, zile raba zinazoishikilia, bure.

Bamba hilo hubadilishwa, na hiyo ni sifa halisi ya flaiwili ya alumini: unanunua bamba tu, flaiwili inabaki. Lakini bamba lenyewe lazima liwe la mtengenezaji yuleyule, na kwa kawaida utaliagiza kutoka nje, gari likiwa juu ya mawe. Ya kromoli ikiungua kidogo, karakana yenye mashine ya kusaga bapa, za aina ile utakazozikuta Gerezani kule Dar es Salaam na hata hapo mjini kwako, inaisawazisha kwa siku moja, mradi wasizidishe kipimo ambacho mtengenezaji amekiruhusu. Kwa gari linalokupeleka kazini Jumatatu, hilo si jambo dogo.

Sasa hiyo njia ya tatu, ya kuchonga ya kiwandani. Hapa naomba unisikilize kama ungemsikiliza mzee wako. Flaiwili nyingi za kiwandani ni za chuma cha kusubu, ambacho huvumilia sana kugandamizwa na kuvumilia kidogo kuvutwa. Flaiwili inapozunguka, ukingo wake unavutwa kwenda nje, na mvuto huo hukua kwa mraba wa kasi: kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, ukingo ulioko milimita 145 kutoka katikati unakwenda mita 121 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 430 kwa saa. Mhandisi wa kiwanda aliliacha umbo lile lilivyo akijua nyufa huanzia wapi na joto linapita wapi. Fundi wa mashine anayeondoa kilo 2 kwa jicho, hata awe stadi kiasi gani wa mashine yake, hana michoro hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuangalia gari dogo la mashindano lililokuwa na mtetemo usioeleweka juu ya mizunguko 5,000. Flaiwili ilikuwa imechongwa kwenye karakana moja, kwa ustadi wa kupendeza macho, iking'aa kama sinia. Tuliiosha kwa petroli, tukaipaka rangi nyekundu ya kupenya, tukaifuta, tukanyunyiza poda nyeupe. Baada ya dakika chache mstari mwekundu ukaanza kujichora wenyewe, kutoka kwenye tundu la bolti ya kranki hadi nusu ya uso wa msuguano, urefu wa kidole changu cha kati, na mwingine mfupi ukaanza upande wa pili. Kijana aliyekuwa akiliendesha alisimama pale akautazama bila kusema neno. Flaiwili ikipasuka haibaki ndani. Kasha la giaboksi la alumini haliizuii, na miguu ya dereva iko nyuma yake tu. Ndiyo maana huko Marekani wasimamizi wa mbio za kuvuta kasi hudai flaiwili iwe na muhuri wa SFI 1.1, kiwango cha usalama wa vifaa vya mbio, kwa magari yenye kasi kubwa. Nawe unapokwenda kununua ya kromoli, tafuta iliyofuliwa au kukatwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma, na ikiwa na muhuri huo, bora zaidi.

Kwa haki, niseme pia kwamba alumini haina kosa hili. Kwa kuwa ni nyepesi, mvuto unaoupata ukingo wake ni kama theluthi moja ya ule unaokipata chuma kwa kasi ileile, na flaiwili ya alumini ya mtengenezaji anayejulikana ni salama. Anayekutisha kwamba alumini itapasuka kwa sababu ni alumini hajafanya hesabu. Ambacho ningekiangalia kwenye alumini ni matundu ya bolti za presha pleti: yawe na nyuzi za chuma zilizopachikwa ndani. Bila hizo, fundi akikaza kwa nguvu ya mkono badala ya spana ya torki, bolti inaanza kuzunguka bila kushika, na ukiitoa inakuja na ukoko wa alumini umejiviringa kama unyoya.

Umetaja mashindano, na najua wengi wetu tunaposikia Impreza tunaikumbuka Safari Rally, ambayo Colin McRae aliishinda nayo mwaka 1997 na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Magari yale yalihudumiwa na kikosi cha mafundi, na hayakuwa na kazi ya kupeleka watoto shule. Tena uwanja wa vumbi hauipendelei alumini kama watu wanavyodhani. Kwenye ardhi isiyoshika, injini inayopanda haraka mno huvunja mshiko wa tairi kabla mguu haujajua, na ukiachia mafuta ghafla kwenye kona injini inayoshuka haraka inalivuta gari nyuma kwa nguvu zaidi. Uzito wa kadiri unalainisha yote mawili. Faida utakayoiona kwa ya kromoli ni pale unaposhuka kutoka gia ya tatu hadi ya pili: ukigusa mafuta kidogo, injini inaruka mahali pake mara moja, na gari haliyumbi.

Kuna imani moja ningependa uiache, kwamba flaiwili nyepesi itafanya gia ziingie laini. Klachi ikiwa imekanyagwa, flaiwili imetengwa na giaboksi. Vile vipete vinavyosawazisha mwendo ndani ya giaboksi vinapambana na klachi pleti na shafti yake, havijui flaiwili ina kilo ngapi. Ukitaka kuvisaidia, angalia uzito wa klachi pleti. Na kwa kuwa giaboksi ya gia tano ya gari hili inajulikana kwa meno yasiyopenda mshtuko, usije ukafidia wepesi wa flaiwili kwa kupandisha mizunguko hadi 5,000 na kuiachia klachi kwa mkupuo kwenye mstari wa kuanzia. Akiba iliyoko kwenye kilo 4.5 kwa mizunguko 5,000 ni ileile iliyoko kwenye kilo 9 kwa mizunguko 3,500, na meno yatapata pigo lilelile.

Tegemea kelele kidogo. Gari likiwa limesimama, gia haijaingizwa na mguu hauko kwenye klachi, utasikia mchakacho mwepesi kutoka kwenye giaboksi, kwa sababu kila mlipuko sasa unafika kwenye meno ukiwa na makali zaidi. Ukikanyaga klachi unapotea. Ya alumini ingekuwa na kelele zaidi. Ili uupunguze, nunua klachi pleti yenye springi katikati, usinunue ile ngumu isiyo na springi hata kama ni nafuu. Ipo pia hali ya kompyuta ya injini kuwasha taa ikidhani silinda moja haichomi, kwani hupima jinsi kasi ya kranki inavyotikisika kati ya mlipuko na mlipuko, na flaiwili nyepesi huuongeza mtikisiko huo. Kwa kilo 6.5 sitarajii likupate, lakini likitokea, kagua kwanza plagi na koili kabla ya kuilaumu flaiwili.

Ungeniuliza kwa ajili ya gari jingine, jibu lingekuwa jingine. Gari jepesi lisilo na turbo, injini inayopenda kuzungushwa juu, dereva mmoja, lami safi ya uwanja wa mbio, linaondoka mara moja na halisimami hadi bendera: hapo alumini iko nyumbani kwake. Joto la kuondoka ni la mara moja, kisha klachi inapoa, na gia ya pili na ya tatu zinapishana kila kona.

Kuhusu kufunga, mambo ni machache lakini yasirukwe. Beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, kwenye gari lako inakaa katikati ya flaiwili yenyewe, na flaiwili nyingi mpya huja bila hiyo, kwa hiyo inunue mapema. Klachi ya gari hili ni ya kuvutwa, si ya kusukumwa, hakikisha beringi ya klachi na presha pleti ni za aina hiyo. Kabla flaiwili mpya haijapanda, kagua sili ya nyuma ya kranki, kwa sababu tone moja la oili likifika kwenye klachi mpya umerudi ulipoanza. Nunua bolti mpya za flaiwili, zikazwe kwa msalaba na kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha huduma cha gari lako. Uso wa msuguano uoshwe kwa kisafisha breki hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, maana chuma kipya huja kimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Kabla ya kuirudisha giaboksi, linganisha ringi ya meno ya mpya na ya zamani jino kwa jino, kipenyo na unene, kisha siku ya kuwasha sikiliza stata: inapaswa kulia kama ilivyokuwa ikilia jana.

Kilomita 800 za kwanza endesha mjini kwa utaratibu, bila kuondoka kwa fujo na bila mizigo mizito, ili klachi na uso mpya vizoeane. Safari ya Karatu ya mwezi huo nendeni na gari jingine.